Mboni Nyeupe: Safari Ndefu ya Kuiona Saratani ya Jicho la Mtoto, Kutoka Edinburgh Hadi Bugoye

Ukitoka mjini Kasese kuelekea Bugoye, barabara hukupeleka kwenye bonde la mto Mubuku, na milima ya Rwenzori hukaa mbele yako mpaka wingu liifunike. Kituo cha afya cha Bugoye ni cha daraja la tatu. Kinazalisha, kinachanja, kinatibu malaria. Daktari wa macho hana nafasi hapo, kwa kuwa mpangilio wa afya wa Uganda humweka mtaalamu wa namna hiyo kwenye ngazi za juu zaidi. Basi mtoto akizaliwa kwenye vilima hivi na saratani ndani ya jicho, ataonwa na nani, kwa chombo gani, na lini? Jibu limejengwa kwa zaidi ya miaka 200, na sehemu yake kubwa imejengwa Uganda kwenyewe.

Saratani ninayoisema ni retinoblastoma. Huota kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na karibu kila anayeipata ni mtoto wa chini ya miaka mitano. Humpata mtoto mmoja katika kila watoto 16,000 hadi 18,000 wanaozaliwa. Duniani kote ni kama watoto 8,000 kwa mwaka. Mwanzoni haiumi. Mtoto ananyonya, anacheza, analala vizuri, na hilo ndilo linalowapumbaza wakubwa. Dalili ya kwanza kwa wengi ni weupe katikati ya mboni, unaoonekana kwa pembe fulani tu, taa inapowashwa au mtoto anapogeuka. Katika jicho zima mwanga unaoingia hurudi na wekundu wa damu iliyo nyuma ya retina. Uvimbe ukiwa umeota hapo, mwanga hugonga uvimbe na kurudi mweupe. Wengine huanza kwa makengeza.

1809–1851: Kisu kabla ya kioo

Mwaka 1809 daktari mpasuaji wa Edinburgh, James Wardrop, alichapisha kitabu kuhusu uvimbe laini uliokuwa ukiua watoto. Alikuwa amepasua macho yaliyokwisha kuharibika, akafuata uvimbe hadi chanzo chake na kuona kwamba unaanzia kwenye retina. Akashauri jicho liondolewe mapema, kabla ugonjwa haujapita kwenye mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Ushauri wake ulikuwa sahihi, lakini wakati wake haukuwa na njia ya kuutekeleza. Nusukaputi haikuwapo bado, na hakuna aliyeweza kutazama ndani ya jicho la mtu aliye hai. Daktari alingoja uvimbe ujitokeze mwenyewe, na ukishajitokeza mtoto alikuwa amekwisha kupotea.

Kioo kilikuja mwishoni mwa 1850. Mjerumani Hermann von Helmholtz alijiuliza kwa nini mboni huonekana nyeusi, akatambua kwamba mwanga unaotoka jichoni hurudi kwenye njia ileile uliyoingilia, na kichwa cha mtazamaji huiziba. Akatengeneza kifaa kinachopeleka mwanga ndani na kumwezesha mtazamaji kuangalia kwenye mstari uleule. Alikitangaza kwa maandishi mwaka 1851. Tangu hapo retina ya mtu aliye hai ikaonekana, na ndani ya miongo michache hospitali za Ulaya zikaanza kuondoa macho ambayo uvimbe ulikuwa bado umo ndani. Watoto wakaanza kupona. Ulaya ilipata nafuu hiyo kutokana na taa na kioo, kabla ya eksirei kujulikana.

1897–1967: Daftari, posta na ramani

Katika Uganda historia hii inaanzia kwenye karatasi. Mwaka 1897 daktari mmishenari Albert Cook alianzisha hospitali ya Mengo, Kampala, na akawa mtu wa kuandika kila mgonjwa. Miongo sita baadaye wataalamu wa Makerere walirudi kwenye madaftari hayo wakahesabu saratani zilizoonekana Mengo tangu mwanzo, na wakakuta humo hata uvimbe wa taya za watoto ambao kwa wakati huo ulidhaniwa kuwa mpya. Mwaka 1951 sajili ya saratani ya Kampala ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Ndiyo iliyowezesha baadaye kujua kwamba jambo fulani limebadilika katika macho ya Waganda.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote. Muda mfupi baadaye alimwona mwingine Jinja. Alianza kuwapiga picha watoto wa namna hiyo na kuandika habari zao, na mwaka 1958 akachapisha. Uvimbe huo, unaojulikana leo kwa jina lake, mara nyingi huingia kwenye tundu la jicho na kulisukuma jicho nje. Ni saratani tofauti na retinoblastoma, ingawa mzazi anayemleta mtoto mwenye jicho lililotokeza hawezi kuzitofautisha, na hata tabibu asiyefundishwa huzichanganya.

Ninamtaja Burkitt kwa sababu ya njia aliyoitumia. Hakuwa na mashine kubwa. Alichapisha vipeperushi zaidi ya 1,000 vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza: mmewahi kuuona uvimbe huu? Majibu aliyachomeka kwenye ramani. Mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson, aliendesha gari la zamani kwa wiki kumi na kupita hospitali zaidi ya 50, safari ya takriban maili 10,000, ili kuona mpaka wa ugonjwa uko wapi. Waligundua kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua: katika Afrika Mashariki hauonekani sana juu ya mita 1,500 hivi. Mstari huo unapita ndani ya Kasese yenyewe, kati ya tambarare za joto za ziwa George na vijiji vya Wakonzo vilivyo juu mlimani.

Ramani ile iliwafikisha watafiti kwenye malaria na kwenye kirusi kilichotambuliwa London mwaka 1964 na Epstein na wenzake. Na matibabu ya dawa aliyojaribu Burkitt yaliwaponya watoto kwa namna ambayo wengi hawakuitarajia. Mwaka 1967 Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani wakafungua Mulago kituo cha kutibu uvimbe huo, na kituo hicho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Picha ya karatasi iliyotumwa kwa posta ilikuwa imefungua mlango ambao darubini peke yake isingeufungua.

1956–1986: Mwangwi, matabaka na jeni

Muda mfupi kabla Burkitt hajaanza kupeleka picha kwa posta, huko Marekani wataalamu walikuwa wakijaribu kuona jicho kwa sauti. Mwaka 1956 Mundt na Hughes walipeleka mawimbi ya sauti ndani ya jicho na kupima yanavyorudi. Miaka miwili baadaye Baum na Greenwood walipata picha ya jicho zima kwa njia hiyo. Mtu anayepiga kelele bondeni Rwenzori hukadiria umbali wa ukuta wa mlima kwa kusikiliza mwangwi wake, na ultrasaundi hufanya kazi hiyo ndani ya jicho la mtoto. Faida yake kwa retinoblastoma ni kubwa, kwa kuwa uvimbe huu hujaa chembe za chokaa, na chokaa hurudisha mwangwi mkali. Jicho likiwa limejaa damu au limefunikwa na mtoto wa jicho, taa haipenyi, lakini sauti hupenya.

CT-skani, inayopiga picha ya mwili kwa matabaka, ilitumika kwa mgonjwa wa kwanza Uingereza mwaka 1971. Ilionyesha chokaa vizuri kuliko kitu chochote kabla yake, na kwa miaka mingi ikawa ndiyo kipimo cha kuthibitisha. Lakini mwaka huohuo wa 1971 Alfred Knudson, akiwa Texas, alichambua kumbukumbu za watoto wenye retinoblastoma na kupendekeza kwamba saratani hii huzuka seli inapopata hitilafu mbili za jeni. Baadhi ya watoto huzaliwa tayari na moja. Jeni yenyewe, iliyo kwenye kromosomu ya 13, ilipatikana mwaka 1986. Elimu hiyo ilibadilisha namna ya kupiga picha. Mtoto aliyerithi hitilafu ana hatari kubwa ya kupata saratani nyingine maishani, na mionzi huiongeza. Ndiyo maana leo, penye uwezo, MRI hutangulia: haina mionzi, na huonyesha kama ugonjwa umeingia kwenye mshipa wa jicho kuelekea ubongoni.

Kwa Uganda miaka hiyo ilikuwa ya kubomoka. Utawala wa Amin na vita vilivyofuata viliwatawanya madaktari, na Kilembe, mgodi wa shaba uliokuwa umeivuta reli hadi Kasese mwaka 1956, ukasimama. Maendeleo ya mwangwi na matabaka yalisomwa kwenye vitabu.

1988–2016: Jua la ikweta na virusi

Kisha ikaja saratani nyingine ya jicho, ya watu wazima, isiyohitaji kioo wala mwangwi ili ionekane. Hukaa juu ya weupe wa jicho, kwenye utando wa nje, kama kinyama chekundu au cheupe. Mwanzoni hufanana na kinyama cha kawaida ambacho jua na vumbi huwapa wakulima na waendesha boda boda.

Sajili ya Kampala ndiyo iliyopiga kengele. Ateenyi-Agaba wa Mulago alionyesha mwaka 1995 kwamba idadi ya wagonjwa hao iliyokuwa takriban 6 kwa kila watu milioni kwa mwaka, katika kipindi cha 1970 hadi 1988, ilikuwa imepanda hadi 35 kwa milioni mwaka 1992. Sababu ilikuwa VVU. Kinga ya mwili ilipodhoofika, jua kali la ikweta lilipata nafasi ya kufanya uharibifu wake. Ikweta inakata wilaya ya Kasese, na wakulima wake hushinda shambani bila miwani ya jua.

Kuitambua saratani hii bado ni kazi ya kuichukua nyama na kuipeleka kwenye darubini, na hospitali nyingi hazina mtaalamu wa kuisoma. Stephen Gichuhi wa Chuo Kikuu cha Nairobi alijaribu rangi ya bluu iitwayo toluidini, tone moja kwenye jicho. Ilinasa zaidi ya asilimia 90 ya saratani, lakini ilipaka pia vinyama vingi visivyo saratani. Hivyo inafaa kumwongoza daktari asiache ugonjwa nyuma anapokata, haitoshi kutoa hukumu. Mwaka 2016 Gichuhi na wenzake walionyesha kwamba dawa ya matone baada ya upasuaji ilishusha kurudi kwa ugonjwa kutoka asilimia 36 hadi 11. Ni utafiti uliofanyika Kenya kwa ajili ya ugonjwa wa ukanda huu, na unastahili heshima zaidi ya unayopata.

2006–2018: Ruharo

Turudi kwa watoto. Hospitali ya misheni ya Ruharo, Mbarara, mali ya Kanisa la Uganda, ina kituo cha macho ambacho kimekuwa tegemeo la watoto wa retinoblastoma nchini. Kwa miaka mingi kazi hiyo iliongozwa na Keith Waddell, daktari Mwingereza aliyeifanya Uganda kuwa nyumbani, pamoja na madaktari wa Uganda. Tangu 2006 walianza kumwandika kila mtoto kwa utaratibu na kumfuatilia, na hadi 2013 walikuwa wameandika zaidi ya 250. Mwaka 2009 waliingiza dawa za kuua saratani. Kabla ya hapo silaha kuu ilikuwa kuondoa jicho, na kwa mtoto aliyeugua macho yote mawili hiyo mara nyingi ilikuwa na maana ya upofu.

Takwimu za Ruharo zilionyesha kwamba dawa hizo ziliongeza idadi ya wanaopona na kuokoa uoni wa baadhi ya walioathirika macho yote. Jambo hili lilifanyika katika hospitali ya misheni, kwa dawa za bei nafuu na wauguzi waliofundishwa hapohapo.

Lakini wengi walifika jicho likiwa limekwisha kutoka nje. Kwa hao picha haisaidii tena kugundua, husaidia kupima kiasi cha maafa. Na tiba ya mionzi nayo ilikuwa na mkasa wake: mashine pekee ya nchi, ya kobalti, iliyokuwa Mulago tangu 1995, iliharibika mwaka 2016 isitengenezeke. Mpya ilianza kazi karibu na mwanzo wa 2018. Kwa kipindi hicho chote, aliyehitaji mionzi alivuka mpaka au alikosa.

2014–2019: Picha za nyumbani

Bryan Shaw ni mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani. Mwanawe Noah aligunduliwa na retinoblastoma mwaka 2008, akiwa na miezi michache, na akapoteza jicho moja. Baba alirudi kwenye picha za familia, akakuta weupe katika mboni ya mtoto kwenye picha iliyopigwa akiwa na siku 12. Hakuna aliyeutambua. Akishirikiana na wenzake alitengeneza programu ya simu iitwayo CRADLE, inayopekua picha na kutafuta mboni nyeupe. Mwaka 2019 walichapisha matokeo ya kuijaribu kwa picha zaidi ya 50,000 za watoto 40, nusu yao wakiwa na ugonjwa wa macho. Kwa watoto 16 kati ya 20 wagonjwa, programu iliona weupe kabla ya daktari, kwa wastani wa mwaka mmoja na miezi mitatu hivi.

Programu hiyo hukosea. Flashi ikigonga mahali mshipa wa jicho unapoanzia, mboni nzima kabisa huonekana nyeupe. Simu nyingi huondoa wekundu wa macho zenyewe, na kwa kufanya hivyo huondoa ushahidi. Kwa hiyo picha ya simu ni sababu ya kumpeleka mtoto akapimwe, na picha safi haiondoi shaka kama mama ameona kitu.

Afrika Mashariki ilikuwa na njia zake. Nakuru, Kenya, Andrew Bastawrous na wenzake walionyesha kwamba simu inaweza kupima uoni nyumbani kwa mtu, kazi iliyozaa programu ya simu iitwayo Peek. Chuo Kikuu cha St Andrews cha Scotland kiliendeleza Arclight, kifaa kidogo cha kutazama ndani ya jicho kinachochajiwa kwa jua, na Tanzania ni mojawapo ya nchi ambako kimetumika kufundishia wahudumu kutafuta wekundu wa mboni kwa mtoto mchanga. Arclight ni kizazi cha kioo cha Helmholtz, kikubwa kama kidole, na bei yake kituo cha daraja la tatu kinaweza kuimudu. Kwa maoni yangu hicho ndicho chombo cha kwanza Bugoye inachokihitaji, kabla ya mashine yoyote yenye skrini.

Miezi 16

Mwaka 2017 kundi la madaktari likiongozwa na Ido Didi Fabian lilikusanya habari za watoto 4,351 wapya wa retinoblastoma kutoka nchi 153. Katika nchi tajiri mtoto wa kawaida aligunduliwa akiwa na miezi 14. Katika nchi maskini, miezi 30 na zaidi. Kati ya watoto wa nchi maskini karibu nusu walikuwa na ugonjwa uliokwisha kutoka nje ya jicho. Katika nchi tajiri walikuwa asilimia 1.5. Baada ya miaka mitatu walio hai walikuwa asilimia 99.5 upande mmoja na 57.3 upande mwingine.

Saratani ni ileile, jeni ni ileile. Tofauti ni kama miezi 16. Na miezi hiyo mara nyingi haipotei kwenye foleni ya MRI. Hupotea kati ya siku mama alipoona weupe na siku mtu mwenye taa alipotazama. Mama huambiwa kitapita, huambiwa ni mtoto wa jicho na asubiri akue, hupewa dawa ya matone, hutafutiwa mitishamba. Kisha hukosa nauli. Na akifika akaambiwa jicho liondolewe, familia humrudisha nyumbani, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaonyesha mtoto mwenye jicho la bandia akiwa shuleni na wenzake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliiweka retinoblastoma kati ya saratani sita za mfano katika mpango wake wa saratani za watoto, wenye lengo la kuokoa maisha ya angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani ifikapo 2030.

Bugoye

Bonde la Mubuku na mabonde jirani si mahali pasipo na mtandao wa afya. Uganda ilianzisha Timu za Afya za Vijiji mwaka 2001. Katika Bugoye, tangu 2013, wahudumu wa timu hizo wamefundishwa, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Mbarara na madaktari wa Boston, kutambua malaria, nimonia na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka mitano vijijini mwao. Wanapima damu, wanahesabu pumzi, wanatoa dawa, wanaandika rufaa. Watoto hao ndio wenye umri wa retinoblastoma. Mhudumu ameketi na mtoto mapajani, akimtazama usoni. Anachokosa ni taa ndogo na picha ya kumwonyesha anachotafuta.

Kwamba Kasese inaweza kunasa ugonjwa adimu tunalijua tayari. Juni 2019 mtoto aliyevuka kutoka Kongo alifikishwa hospitali ya Kagando, wahudumu wakashuku Ebola, na akahamishiwa Bwera, kwenye kituo kilichokuwa kimeandaliwa karibu na mpaka wa Mpondwe. Walishuku kwa sababu walikuwa wamefundishwa miezi mingi wakitazama dalili zilezile. Walikuwa na bango ukutani na namba ya kupiga.

Vikwazo ni vya kweli. Mafuriko ya mto Nyamwamba ya 2013 na tena ya 2020 yaliiharibu hospitali ya Kilembe, iliyokuwa karibu zaidi na watu wengi wa bonde. Njia ya rufaa kwenda Mbarara ni ya saa kadhaa, na tiba ya retinoblastoma si ya safari moja. Mtoto atapigwa nusukaputi, macho yake yatatazamwa yote mawili, atarudi kwa dawa mara nyingi, na mzazi ataacha shamba na watoto wengine nyumbani. Anayetaka kusaidia aanze na nauli.

Kwa mzazi wa Bugoye, Bwera au popote unaposoma haya: ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto, iwe kwa taa au kwenye picha ya simu, au makengeza yasiyokuwepo jana, usingoje yajirekebishe wala usikubali kurudishwa na matone ya dawa. Iweke picha hiyo, mwonyeshe mhudumu wa kijiji, omba rufaa ya macho wiki hiyohiyo, na usitoke Kagando au Ruharo kabla mtu hajamulika macho yote mawili.